Apdeti Iliyomwondoa Mwenye Nyumba

Tangu 2020 nimekuwa nikilipwa kueleza jinsi ya kuendesha miji ambayo haipo. Kazi yenyewe iko hivi: kampuni ya gemu ikitoa apdeti, mteja wangu, ambaye yuko ng'ambo na ambaye sijawahi kuisikia sauti yake, ananitumia kichwa cha makala na idadi ya maneno anayotaka. Nasoma maelezo ya apdeti, natazama video za watu wanaocheza, napiga hesabu, halafu naandika mwongozo kwa Kiingereza. Badiliko hili linamaanisha nini, uanzie wapi, ukikwama ufanye nini. Dola moja kwa kila maneno 100. Jina langu haliwekwi popote na sijawahi kulidai.

Watu wakiniuliza kazi yangu, nawaambia naandika. Mathe huwaambia majirani niko kwa kompyuta. Majibu yote mawili ni kweli.

Gemu iliyonilisha zaidi inaitwa Cities: Skylines. Ilitoka Machi 2015, ikatengenezwa na Colossal Order, studio ndogo ya Tampere, Finland, na kuchapishwa na Paradox Interactive ya Stockholm. Kama hujawahi kuicheza: unapewa ardhi tupu, kipande cha barabara kuu na pesa kidogo. Unachora barabara. Kando yake unapaka rangi, kijani kwa makazi, buluu kwa maduka, njano kwa viwanda, na nyumba zinaota zenyewe kama uyoga baada ya mvua. Unaleta stima, unaleta maji, unapeleka bomba la maji taka kule mto unakoteremkia, maana ukiliweka juu ya bomba la maji safi mji mzima utakunywa uchafu wake. Hapo ndipo ilinishika. Gemu zingine zote nilizokuwa nazo zilitaka nipige mtu risasi. Hii ilitaka nifikirie choo.

Nilianza kuicheza mwaka wa kwanza chuoni, kwenye laptopu ya ex-UK niliyonunua na pesa ya HELB, baada ya jamaa wa chumba cha pili kunipa kwa flashi. (Nilikuja kuinunua kihalali baadaye, wakati wa bei ya kutupa. Dhamiri yangu iko sawa.) Laptopu ilikuwa inapata moto mpaka ungeweza kuikalia chapati. Lakini mji wangu ulifika watu 40,000 na mimi nikajiona mtu.

Wenye gemu hii walikuwa na mtindo wao. Kila baada ya miezi kadhaa wanatoa kifurushi cha nyongeza cha kulipia, na pamoja nacho apdeti ya bure kwa kila mtu. After Dark, Septemba 2015, ilikuuzia maisha ya usiku, lakini usiku wenyewe, jua kuzama na taa kuwaka, ulikuja bure. Ikafuata Snowfall na theluji yake, halafu Natural Disasters iliyokuwezesha kuangushia mji wako kimondo, halafu Mass Transit, Green Cities, Parklife, Industries. Campus ilitoka Mei 2019, miezi michache kabla nijiunge na chuo. Kwenye Campus unajenga chuo kikuu, unakipa vitivo, timu za michezo na sifa. Mwanafunzi akikosa masomo ni kwa sababu nafasi zimejaa ama barabara haifiki. Hakuna anayetumiwa ujumbe wa salio la karo wiki mbili kabla ya mtihani.

Yangu ilienda tofauti. Sunset Harbor, kifurushi cha uvuvi na mabasi ya umeme ya waya, ilitoka tarehe 26 Machi 2020. Kesho yake kafyu ikaanza Kenya. Vyuo vilikuwa vimeshafungwa, nami nikarudi nyumbani na laptopu. Mathe anauza mitumba, na mwezi huo huo mitumba kutoka nje ikapigwa marufuku kwa muda. Ile miezi tulikula stoki, kisha tukakula akiba, kisha tukakula karo yangu. Chuo kilipofunguliwa nilikuwa na deni la semesta na mteja mmoja anayelipa kwa dola. Nilikuwa nikisomea uchumi na takwimu. Sikurudi. Makala yangu ya kwanza ya kulipwa ilihusu njia tano za kupata pesa kwa samaki kwenye Sunset Harbor, na ile pesa ilinunua unga, mafuta na bando.

Nasema haya ili ujue kwa nini mimi hukumbuka miaka kwa apdeti. Wengine hukumbuka kwa uchaguzi.

Gemu ya pili, Cities: Skylines II, ilitoka tarehe 24 Oktoba 2023, na sikuweza kuicheza. Kadi ya michoro waliyopendekeza, RTX 3080, nilipoulizia bei town niligundua ingemeza kodi yangu ya mwaka mzima. Ikawa naandika miongozo ya mji nisioweza kuufungua, kama kinyozi anayesoma vichwa vya watu kwa picha. Na hata waliokuwa na mashine nzito walilia. Gemu ilitoka mbichi, inakwama, inatambaa. Mashabiki wakaifungua kuona tatizo ni nini, wakakuta pamoja na mengine kwamba kila raia wa mji amechongwa meno yake yote mdomoni, jino kwa jino, hata akiwa mbali ukubwa wa chungu kwenye skrini. Kompyuta inahangaika kuchora meno ambayo hakuna atakayeyaona. Hiyo makala niliiandika kwa raha nyingi.

Halafu Machi 2024 ikaja Beach Properties, nyongeza ya kwanza ya kulipia. Nyumba za ufukweni na minazi. Ufuko wenyewe haukuwemo. Watu walikuwa bado wanangoja gemu yenyewe irekebishwe, na hapa wanaletewa minazi kwa karibu dola kumi. Maoni kwenye Steam yakawa kati ya mabaya zaidi kuwahi kuandikwa huko. Aprili wakaomba radhi kwa barua ya wazi iliyotiwa saini na mkuu wa Colossal Order na kigogo wa Paradox, wakarudisha pesa, minazi ikawa ya bure, na kifurushi kikubwa cha Bridges & Ports kikasogezwa hadi 2025.

Nilikaa na ile barua muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji. Mimi ni wa kizazi ambacho hakijawahi kurudishiwa pesa. Umelipia kitu kibovu, umeambiwa ni kibovu, na aliyekuuzia anasema: ndiyo, ni kibovu, shika pesa yako. Nilimsomea mathe ile barua nikitafsiri. Akauliza, "Na ni akina nani waliwalazimisha?" Nikamwambia hakuna, ni wateja tu walikasirika. Akanitazama kama mtu anayesimuliwa ngano.

Msimu huo dola nayo ilikuwa inanicheza. Januari 2024 dola moja ilikuwa karibu shilingi 160. Kufikia Aprili ilikuwa imeteremka hadi 130 na kitu. Redio zilikuwa zinashangilia shilingi imepata nguvu, nami nikiangalia makala ile ile, maneno yale yale, ikileta pungufu ya karibu moja ya tano. Sijui kama kuna kundi lingine la Wakenya lililoomboleza shilingi kupona. Sisi tulikuwa kimya. Ungemwambia nani?

Sasa tufike Juni.

Mwanzoni mwa mwezi keateka wetu alibandika karatasi getini. Ploti yetu iko Zimmerman, ghorofa nne, vyumba 24, bedsita zote. Kodi itapanda kutoka 7,500 hadi 9,000 kuanzia Julai, kwa sababu ya kupanda kwa gharama. Gharama gani haikuandikwa. Mwezi huo huo nchi nzima ilikuwa inasoma Mswada wa Fedha, watu wa rika langu wanauchambua kwenye simu kifungu kwa kifungu, utadhani ni mtihani. Kiswahili, ukiangalia, kimetupa neno moja kwa vitu viwili: unachompa mwenye nyumba ni kodi, na unachoipa serikali ni kodi. Juni 2024 sikuona haja ya kuyatenganisha.

Na Jumatatu ya tarehe 24 ikatoka apdeti iliyokuwa imengojwa kuliko zote, walioiita Economy 2.0. Uchumi wa Skylines II ulikuwa umevurugika kwa namna mbili. Kwanza, mji ukiingia hasara, kulikuwa na ruzuku ya serikali kutoka nje inayoziba pengo, kwa hiyo ungeweza kuwa meya mzembe kabisa na bado hazina isikauke. Pili, kodi ya nyumba. Thamani ya ardhi ilikuwa inapanda bila breki, kodi inaifuata, na juu ya kila jengo inaota alama ya kulalamika kwamba kodi ni kubwa. Mji mzima unameta alama. Wachezaji walijaribu kila kitu, wakashusha ushuru, wakajenga bustani, wakabomoa, alama zikakataa kuondoka.

Mteja alitaka maneno 900 kufikia Jumatano: jinsi ya kumaliza tatizo la kodi ya juu baada ya Economy 2.0. Nikafungua maelezo ya wasanifu. Ruzuku imeondolewa, mji ujitegemee. Huduma unazoazima kutoka nje ya mji sasa zinalipiwa. Kisha nikafika kwenye kodi, nikasoma sentensi moja mara tatu. Walikuwa wamemwondoa mwenye nyumba.

Kumbe ndani ya ile hesabu kulikuwa na mwenye nyumba wa kufikirika. Hana uso, hana jina, hata meno hana. Alikuwa anapokea kodi na kutoa gharama za kutunza jengo. Wasanifu wakaangalia mahesabu yao, wakaamua huyu hahitajiki. Sasa gharama ya kutunza jengo inagawanywa sawa kwa wapangaji wote, basi. Na wakaongeza kanuni nyingine: familia isiyo na pesa ya kutosha kwenye akaunti, lakini yenye mapato yanayoweza kufikia kodi, itapunguza kwanza matumizi mengine ili ilipe. Ni pale tu mapato yenyewe yanapokuwa madogo kuliko kodi ndipo italalamika, itafute nyumba ya bei nafuu, ama ihame mji.

Hiyo kanuni ya pili ndiyo iliyonitoa jasho. Mtu Finland ameketi akaandika kwa lugha ya kompyuta maisha ya ghorofa yetu ya tatu. Unapunguza nyama, unapunguza sukari, unatembea badala ya kupanda matatu, unazima friji. Kodi inalipwa. Kwa macho ya mji wewe huna shida, alama haijawaka juu ya nyumba yako. Nikawaza ni wangapi kwenye ile ploti wako katika hali hiyo, bado hawajawaka.

Jumanne tarehe 25 sikuandika. Nilikuwa town. Sitasimulia siku hiyo hapa, wengine walioiona karibu zaidi wameisimulia, na kuna waliouawa ambao hawataisimulia. Nitasema tu kwamba mchana watu waliingia Bunge, jioni intaneti ikazorota, na nilirudi Zimmerman kwa miguu na macho yaliyovimba, usiku umeshaingia. Kwenye Skylines raia hawaandamani. Wana ndege mdogo wa buluu wa kuwasemea kule juu ya skrini, anayeleta jumbe zao fupi kwa meya, na moja ya mambo ya mwanzo mashabiki waliyotengeneza wenyewe ni namna ya kumwondoa yule ndege. Ni kelele, walisema.

Jumatano Rais akatangaza hatatia saini mswada. Barua pepe ya mteja ilikuwa inaningoja: ameona habari za nchi yetu, pole sana, je, makala itafika kesho? Nilituma Alhamisi asubuhi. Maneno 912. Alinilipa yote na akaniongeza dola tano, na mpaka leo sijaamua zile tano nizielewe vipi.

Jumapili ile wapangaji tulikutana juu, kwenye kamba za nguo. Ilikuwa imeanzia kwenye kundi la WhatsApp la ploti ambalo kwa kawaida ni la kulalamikia maji. Sijui kama tungekutana mwezi mwingine wowote. Ile wiki kila mtu alikuwa na mdomo. Walikuja kama 15, pamoja na fundi wa mawe wa ghorofa ya kwanza, mtu mzima tunayemwita Mzee, na jirani yangu wa mlango wa pili, Mama Wawili, ambaye watoto wake walikuwa wanacheza kati ya ndoo.

Mimi, kwa kuwa kichwa kilikuwa bado kimejaa ile makala, nikawaambia kuhusu gemu. Nikasema tufanye hesabu ya wale Wazungu. Tumwondoe mwenye ploti kwenye karatasi tuone. Maji ya mwezi, tukiuliza keateka, ni kama 12,000. Askari wa usiku na keateka mwenyewe, 10,000. Taka 3,000. Stima ya ngazi na ya pampu, 2,000. Jumla 27,000. Gawanya kwa 24.

"Elfu moja mia moja ishirini na tano," akasema kijana mmoja wa bodaboda, ambaye ana kichwa cha hesabu kuniliko.

Watu wakacheka mpaka wengine wakashika ukuta. Elfu moja mia moja! Mmoja akasema basi leo hii anahamia Finland. Mama Wawili alikuwa anacheka huku akirudia ile namba pole pole, na mimi nikajisikia nimefanya kazi ya maana kwa mara ya kwanza mwaka ule.

Mzee hakucheka. Alingoja tukanyamaza, akaniuliza, "Kijana wangu, na mawe nani alinunua?"

Nikasema mawe gani.

"Haya." Akapiga ukuta kofi. "Mimi nimejenga ploti kama hizi 11. Mawe, simiti, nondo, mchanga, sisi mafundi, kanjo. Hakuna inayosimama chini ya mamilioni. Kwa hiyo gemu yako, mawe ni ya nani?"

Swali lilikuwa la haki na sikuwa na jibu papo hapo. Nimelitafuta baadaye. Jibu ni kwamba kwenye Skylines mawe si ya mtu. Unapaka rangi ya kijani na nyumba inaota. Hakuna aliyekopa, hakuna anayelipa riba. Mwenye ploti wetu, keateka alituambia siku hiyo kwa sauti ya chini, ni mwalimu mstaafu anayelipa mkopo wa sako, na riba ya mikopo mwaka huo ilikuwa imepanda kila mahali. Wale wasanifu waliweza kumfuta mwenye nyumba kwa sababu hawakuwa wamewahi kumpa deni. Nikiwa mkweli, ningependelea kumchukia mwenye ploti kwa urahisi zaidi.

Lakini swali la Mzee linaenda mbali kuliko alivyolipeleka. Mawe si ya mtu, na ardhi nayo si ya mtu. Kila ramani ya Skylines inaanza na msitu, mto na barabara kuu inayotoka kusikojulikana. Unanunua viwanja vya jirani kwa kubofya, na hujawahi kuambiwa pesa inamwendea nani. Hakuna hatimiliki, sembuse hatimiliki tatu za shamba moja. Hakuna mjane wa mtu. Hakuna kesi. Ukitaka kupitisha barabara katikati ya mtaa unachukua tingatinga, unabofya, nyumba inageuka vumbi, na watu waliokuwamo wanatafuta pengine bila kusema neno. Oktoba na Novemba 2021, Mukuru kwa Njenga, maelfu ya familia walivunjiwa nyumba kupisha barabara, na hao walisema. Mei 2024, baada ya mafuriko, tingatinga ziliteremka kando ya mito ya Nairobi, watu waliokuwa wameponea maji wakavunjiwa.

Nilipokuwa na miaka kumi, mathe alikuwa na kibanda cha mboga kando ya barabara fulani iliyokuwa inapanuliwa. Aliambiwa Jumatatu, wakaja Jumatano alfajiri. Barabara ilijengwa na ni nzuri, mimi huipita. Nimejaribu mara kadhaa kuijenga kwenye gemu ya kwanza, ile inayofunguka kwangu: njia kuu, njia za pembeni, flaiova, kila kitu. Inatoka vizuri sana. Tatizo ni kwamba hakuna kibanda cha kuvunja. Skylines haijui kibanda. Inajua duka, inajua kiwanda, inajua bandari na chuo na uwanja wa ndege, lakini mtu aliyekaa chini na sukuma wiki kwenye gunia hayupo kwenye rangi yoyote. Wala matatu hayupo. Kuna basi linalofuata mstari uliochora, linasimama kituoni hata kama hakuna abiria, na hakuna makanga wa kuning'inia mlangoni akibishana kuhusu chenji.

2023 gemu ya kwanza iliuza kifurushi cha majengo ya Afrika. Ya pili imetoa ama kuahidi vifurushi vinane vya bure vya majengo ya maeneo ya dunia: Ufaransa, Ujerumani, Uingereza, Ulaya Mashariki, Japani, China, na Marekani mara mbili. Nimeandika kuhusu vyote. Sina kinyongo sana kuhusu hilo, kusema ukweli. Wakituwekea majengo watatuwekea ghorofa za vioo za Upper Hill na twiga mmoja. Ningependelea wabaki Finland na waandike kanuni nyingine kama ile ya familia inayopunguza matumizi. Hiyo ilitufikia bila kuchorwa sura zetu.

Barua yetu kwa mwenye ploti iliandikwa na mimi, kwa Kiswahili, ukurasa mmoja. Nilieleza kwamba hatukatai kodi kupanda, tunaomba kujua gharama gani zimepanda na kwa kiasi gani, na tunaomba miezi mitatu. Mzee alinifanya nitoe neno "dai" niweke "ombi". Walitia saini 17 kati ya 24. Saba waliogopa, na siwalaumu, wawili kati yao walikuwa na deni la miezi. Keateka aliipeleka mwenyewe, akakaa siku nne bila neno, kisha karatasi mpya ikabandikwa getini. Kodi ni 8,500, kuanzia Septemba. Hesabu ya gharama hatukuonyeshwa.

Tulisherehekea kwa soda. Elfu moja kila mwezi badala ya elfu moja na mia tano, na miezi miwili ya kupumua. Kwa vyumba 24 tulikuwa tumemzuilia mtu 12,000 kwa mwezi kwa karatasi moja, na hiyo ndiyo makala iliyonilipa vizuri zaidi maishani ukipiga hesabu ya bei kwa neno.

Agosti mwishoni Mama Wawili alihama. Hakulalamika, hakuja kwa mtu. Nilijua tu nilipomwona anashusha godoro ngazini peke yake, mtoto mkubwa akibeba sufuria. Alikuwa amepata chumba Githurai, cha mabati, 4,000. Niliacha kilichokuwa kwenye skrini nikashika upande wa pili wa kitanda. Ghorofa nne, na zile ngazi zina kona mbaya kati ya ya tatu na ya pili, ilibidi tukigeuze wima na miguu yake ikakwaruza rangi. Pale kwenye kona tukapumzika. Nilitaka kumwambia kitu kuhusu zile saini, kwamba tulijaribu. Yeye ndiye alisema, "Ile elfu moja mia moja ilikuwa tamu," akacheka kidogo, tukainua tena.

Kwenye Economy 2.0 familia inayohama inaelekea ukingo wa ramani na kufutika. Mji unaendelea. Mimi nina namba yake, na yule mtoto mkubwa hunitumia maswali ya hesabu kwa simu ya mamake. Chumba kilikaa wiki tatu bila mtu, kisha akaingia kijana wa chuo aliyeletwa na babake kwa pikapu.

Bridges & Ports ilitoka Oktoba 2025, mwaka na zaidi baada ya tarehe iliyoahidiwa mwanzoni. Ni nyongeza nzuri, madaraja yanayoinuka, feri, bandari. Wiki chache baadaye, Novemba, Paradox na Colossal Order wakatangaza wanaachana baada ya miaka zaidi ya kumi. Gemu inabaki na Paradox, na kuanzia 2026 kazi ya kuikarabati inaenda kwa Iceflake Studios, ambao nao wako Tampere, mji ule ule. Nilitazama ramani. Nilikuwa nimeandika kuhusu wale watu wa kwanza kwa miaka mitano bila kuwahi kuongea na mmoja wao, na nilipoandika makala ya kuachana kwao nikajikuta nasita kama naandika tanzia.

Mteja alinipa maneno 900 kwa hiyo. Za baada ya hapo zimepungua. Siku hizi ananitumia rasimu iliyotoka kwa mashine, niisahihishe, kwa nusu ya bei. Rasimu ya mwisho ilisema Economy 2.0 iliwapunguzia wenye nyumba mapato. Nikafuta, nikaandika ilivyokuwa: iliwaondoa. Akarudisha swali kwenye pambizo, kama nina hakika. Nikamtumia maelezo ya wasanifu, na sentensi yenyewe nimeipiga mstari.